Porsche 911T ya 1972 inakata moto mapema: ni limita ya mizunguko au ni ugonjwa?

FundiBarani (Malindi)

Assalaam aleikum wana jukwaa, na hamjambo nyote. Mimi ni fundi wa magari hapa Malindi, karakana yangu iko Barani, na riziki yangu hutoka zaidi kwenye Probox, tuktuk na Land Cruiser za kupeleka wageni Tsavo. Juma lililopita nililetewa gari ambalo sijawahi kulifungua maishani: Porsche 911T ya mwaka 1972, iliyokaa zaidi ya miaka kumi chini ya banda la makuti upande wa Casuarina, hatua chache tu kutoka baharini. Wenyewe ni familia iliyorithi nyumba pamoja na gari, na wanataka litembee kabla ya mwaka kwisha. Mwaka wake haukunipa shida kuujua, kwa sababu lina kifuniko kidogo cha kutilia oili nyuma ya mlango wa kulia, na kifuniko hicho kiliwekwa kwenye modeli ya 1972 peke yake. Kijana wa kituo cha petroli alikwisha kukifungua, pampu mkononi, na lau si kelele zangu leo ningekuwa naleta hadithi nyingine.

Injini inawaka vizuri, inatulia bila kutetemeka, na inapanda bila kusita mpaka geji ya mizunguko kwenye dashibodi ionyeshe 5,400. Hapo moto hukatika ghafla kama mtu aliyezima swichi, hurudi, hukatika tena, tak-tak-tak, na ekzosi hutoa mlio mmoja au miwili kama fataki. Nikilegeza mguu kidogo, injini huendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Nimebadilisha plagi zote sita na waya zake, nimemwaga petroli yote ya zamani, nimeweka filta mpya na nimesafisha kabureta zote mbili za Zenith.

Nilipofungua kofia ya distributa, ile inayogawa cheche kwa plagi, nayo ni ya Bosch, nilikuta rota, yaani kile kipande kinachozunguka ndani yake, isiyofanana na rota ninazozijua. Ni nzito, na juu yake kuna kipande cha chuma kilichoshikwa na springi ndogo, ambacho nikikivuta kwa ukucha husogea kuelekea nje kisha hurudi polepole. Ubavuni imepigwa chapa 6500. Nimesikia kwamba magari ya michezo ya zamani yalikuwa na limita ya mizunguko, kikomo cha kuzuia injini isizunguke kupita kiasi, ndani ya rota, ila sijawahi kuiona kwa macho.

Kinachonichanganya ni kwamba nina namba tatu na hakuna hata mbili zinazopatana. Rota inasema 6500. Geji ya dashibodi inasema 5,400. Mita yangu ya karakana, ile yenye koleo la kubana waya wa moto, nilipoibana kwenye waya mnene utokao kwenye koili, inayozalisha umeme wa cheche, ilisema 8,100. Je, hii kweli ni limita, au nimekuta rota mbovu ya kawaida? Na ikiwa ni limita, inakata mapema, inakata kwa wakati wake, au inachelewa hata injini ikawa hatarini?

Msafiri_Mayungu

Ndugu FundiBarani, pole na kazi. Kwa maoni yangu usiisumbue distributa. Gari lililolala miaka kumi huwa limejaa uchafu ndani ya tangi na mabomba, na filta mpya huziba tena baada ya safari mbili. Mimi nilikuwa na gari la Kiingereza lililokuwa likikata juu namna hiyohiyo, tukahangaika na umeme mwezi mzima, kumbe ni kutu iliyokuwa ikitoka kwenye tangi. Pima petroli inayofika kwenye kabureta kabla ya kulaumu springi ya watu.

FundiBarani (Malindi)

Ahsante, Bwana Msafiri. Nililifikiria hilo kwanza, ndiyo maana nikaanzia kwenye petroli. Lakini linakata pia likiwa limesimama, gia iko frii, bila mzigo wowote, na linakata pale pale kwenye 5,400. Barabarani ni vivyo hivyo, gia ya kwanza na gia ya pili, mshale unafika palepale.

UmemeTudor (Mombasa)

Bwana FundiBarani, jibu lako hilo la mwisho limeondoa nusu ya washukiwa. Injini inayokosa petroli hulalamika inapobebeshwa mzigo, kwenye gia za juu, na hudhoofika kidogo kidogo kama mtu anayeishiwa pumzi. Haiwezi kukata ghafla ikiwa frii, wala kurudia namba ileile kila mara. Kinachokata kwa namba moja, bila kujali gia wala mzigo, ni kitu kinachohesabu mizunguko. Hata hivyo dalili za masikio na za mguu hazitoshi, kwa hiyo nitakueleza jinsi ya kuthibitisha kwa macho.

Anza mezani. Itoe rota, weka mita kwenye kipimo cha ukinzani, ncha moja kwenye shaba ya katikati inayoguswa na kaboni ya kofia, na ncha nyingine ndani ya tundu, kwenye chuma kinachogusa shafti ya distributa. Rota ikiwa imetulia, umeme haupaswi kupita kabisa. Sasa vuta kile kipande kuelekea nje mpaka mwisho wake. Ikiwa mita itaonyesha kwamba njia imefunguka kutoka katikati hadi kwenye shafti, basi umeshika limita mkononi, wala huhitaji ushahidi mwingine kuhusu jina lake. Rota ya kawaida haina chuma kinachokwenda kwenye shafti, hivyo haiwezi kutoa jibu hilo.

Ukishaona hivyo utaelewa na kazi yake. Rota inapozunguka, kipande kile hutaka kukimbilia nje na springi hukizuia. Mizunguko ikifika mahali ambapo springi imeshindwa, kipande hugusa njia ya shafti, na umeme wa koili, badala ya kurukia kwenye waya wa plagi, hukimbilia kwenye bodi ya gari kupitia shafti. Cheche inazaliwa kama kawaida, ila haifiki kwenye silinda. Mizunguko ikishuka kidogo springi hukivuta kipande, cheche hurudi njia yake, na hiyo ndiyo tak-tak-tak yako. Fataki za ekzosi ni petroli iliyopita silinda bila kuchomwa, ikawakia mbele ya safari.

Usikichanganye kipande hicho na vile vizito viwili vilivyo chini ya sahani, ndani kabisa ya distributa. Navyo husukumwa nje na mwendo na vina springi zake, lakini kazi yake ni kuitanguliza taimingi, yaani wakati wa cheche kupiga, mizunguko inapopanda. Havikati kitu. Nimeona mafundi wakivikaza wakidhani wanaondoa limita, na gari likabaki zito kama mkokoteni.

Sasa jaribio lenyewe, injini ikiwa inawaka. Chukua taa ya taimingi yenye koleo, ile inayomulika kila cheche inapopita kwenye waya, ubane kwenye waya mnene kati ya koili na kofia, mwenzako akanyage mafuta mpaka pale linapokata, nawe uitazame taa. Kisha hamishia koleo kwenye waya wa plagi yoyote, mrudie. Ikiwa kwenye waya wa koili taa inaendelea kumulika bila kukosa huku kwenye waya wa plagi inazimika kila injini inapokata, basi cheche inazaliwa na inaibwa njiani, na mwizi ni rota. Ikiwa taa inazimika kwenye nyaya zote mbili, kosa liko kabla ya rota, yaani pointi (ile swichi ndogo ndani ya distributa), koili au kisanduku cha umeme. Ikiwa inamulika kote kote bila kukosa na bado injini inakata, hapo nitamwomba radhi Bwana Msafiri na tutarudi kwenye petroli.

Tahadhari moja. Gari hilo, kama halijabadilishwa, lina kisanduku cha Bosch ambacho hutoa mlio mwembamba kama wa mbu ukiwasha swichi. Kisanduku hicho hupeleka kwenye koili umeme wa volti zipatazo 400, tofauti na volti 12 ulizozoea, kwa hiyo usiguse vituo vya koili swichi ikiwa imewashwa. Kwa mfumo huo pointi hubeba umeme mdogo tu wa kutoa ishara, na usishangae usipoona kondensa.

Kuhusu mita yako kusema 8,100, nina wazo, lakini nijibu kwanza: swichi ya silinda kwenye mita hiyo umeiweka ngapi?

MashineZaLamu

Salamu kutoka Amu. Mimi ni fundi wa mashine za boti, na huku kwetu punda ni wengi kuliko magari, kwa hiyo mtaniwia radhi nikiingilia mambo ya Porsche. Nimesoma maelezo ya Bwana UmemeTudor na yamenifundisha, ila nataka kuongeza jambo moja ili msomaji mwingine asije akapotoka.

Jaribio la taa kwenye nyaya mbili linafaa kwa limita ya aina hiyo ya rota, kwa sababu inaiba cheche baada ya koili. Limita za kisasa hazifanyi hivyo. Mashine nyingi mpya za boti zina kikomo ndani ya kisanduku cha umeme, nacho huizuia cheche isizaliwe kabisa, hivyo taa huzimika kila mahali utakapoibana. Tukitoka nje ya Shela wakati wa kusi, wimbi likiinua tezi, propela hutoka majini na mashine hupiga kelele kwa sababu mzigo umetoweka ghafla. Ile katakata inayosikika wakati huo si ubovu, ni kikomo kinaiokoa mashine. Nimeletewa mashine mbili zenye malalamiko ya aina hiyo, na zote zilikuwa nzima. Kwa hiyo taa ikizimika kote kote, usiseme moja kwa moja kwamba kisanduku kimekufa. Tazama kwanza kama kimetengenezwa kukata.

UmemeTudor (Mombasa)

Umesema kweli, Bwana wa Amu, na nashukuru kwa kusahihisha. Hata kwa 911 zenyewe mambo yalibadilika: Carrera 3.2 ya modeli ya 1984 ilipokuja na Motronic, mfumo wa kompyuta wa kuendesha injini, kikomo kilihamia kwenye kompyuta na kikawa kinakata petroli badala ya cheche, na kwa gari hilo jaribio langu lisingekuwa na maana. Kukata petroli ni bora, kwa sababu hakuna kinachomwagwa kwenye ekzosi bila kuchomwa.

FundiBarani (Malindi)

Nimerudi na majibu, na naomba mnivumilie kwa urefu.

Mezani: rota ikiwa imetulia, mita haisomi kitu kati ya katikati na shafti. Nikivuta kipande nje, inasoma karibu na sifuri. Kwa hiyo ni limita, na jambo hilo nimelimaliza.

Taa ya taimingi: tulifanya kazi hii baada ya magharibi ili mwanga uonekane vizuri, kijana wangu akiwa ndani na mimi nyuma kwenye injini. Kwenye waya wa koili taa ilimulika mfululizo hata injini ilipokuwa ikikata, haikukosa hata mara moja kwa macho yangu. Kwenye waya wa plagi ya kwanza ilimulika sawasawa, na ilipofika pale pale ikazimika, ikarudi, ikazimika, sambamba kabisa na sauti. Niliita majirani waje waone. Sijawahi kuona ugonjwa ukijitaja jina namna ile.

Sasa swali la Bwana UmemeTudor. Naona haya kusema: swichi ya mita ilikuwa kwenye silinda nne. Kila gari ninalopima ni la silinda nne, na sikumbuki mara ya mwisho kuigusa swichi hiyo.

UmemeTudor (Mombasa)

Usione haya, hilo ndilo nililolishuku. Hesabu yake ni nyepesi. Injini ya silinda sita hutoa cheche tatu kwa kila mzunguko, na ya silinda nne hutoa mbili. Kwa mizunguko 5,400 koili yako ilitoa cheche 16,200 kwa dakika. Mita, ikidhani ina silinda nne mbele yake, ikagawa kwa mbili ikapata 8,100. Ingegawa kwa tatu ingepata 5,400, yaani namba ileile ya dashibodi. Ukitaka kuepuka jambo hili siku nyingine, na kama mita yako ina nafasi hiyo, bana koleo kwenye waya wa plagi moja, kwa sababu plagi moja hupiga mara moja kwa kila mizunguko miwili, iwe injini ina silinda nne, sita au nane.

Basi namba zako tatu zimebaki mbili. Injini inakata kwa 5,400 ya kweli, na rota imeandikwa 6500. Chapa hiyo inahesabu mizunguko ya injini. Rota yenyewe huzunguka nusu yake, 3,250. Nguvu inayovuta kipande nje hukua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo gawa 5,400 kwa 6,500, uzidishe jibu kwa lenyewe, utapata kama 0.69. Maana yake springi imebaki na takribani asilimia 69 ya nguvu yake ya zamani. Miaka kumi ya hewa ya chumvi ya Casuarina inatosha kuifanya hivyo. Itazame kwa kioo cha kukuzia.

Msafiri_Mayungu

Nimekubali kushindwa kuhusu petroli. Lakini sasa dawa ni rahisi kuliko mnavyoifanya. Kibandike kile kipande kwa gundi ya Araldite kisisogee tena, na limita imekwisha. Watu wengi wenye magari hayo hufanya hivyo, na rota mpya ya aina hiyo haipatikani Malindi wala Mombasa. Kwa nini wenyewe wangoje majuma na kulipa ushuru wa kipande kidogo kama kizibo cha chupa?

MzeeWaGia (Nairobi, sasa Watamu)

Wanangu, shikamooni nimezipokea hata kabla hamjazitoa. Nilifanya kazi ya ufundi Nairobi miaka mingi, tangu enzi ambazo mashindano ya magari ya Safari Rally yalikuwa yakipita mwezi wa Pasaka na 911 zilikuwa zikija kuutafuta ushindi huo bila kuupata: zilimaliza za pili mwaka 1972, tena 1974, tena 1978. Sitaki kuupeleka uzi pembeni. Nataka kusema habari ya gundi.

Msafiri hakusema uongo. Gundi hutumika, na wengine hulehemu kwa risasi, na wapo wanaoweka rota ya kawaida isiyo na kikomo. Nami nimefanya hivyo kwa magari ya mashindano, ambako dereva hutazama geji kama anavyotazama barabara. Lakini fikirini gari hili ni la nani. Ni la familia iliyolirithi, na atakayeliendesha ni mtu aliyezoea gari la otomatiki. Injini ya 911 ni nyepesi kupanda, haikuonyi kwa mtetemo wala kwa kelele ya kuchoka, inaimba tu. Ukipita kikomo chake, springi za valvu hushindwa kuzirudisha valvu kwa wakati, valvu inakutana na pistoni, na baada ya hapo hesabu haitakuwa ya rota tena. Aliyeweka kile kipande kiwandani hakukusudia kuwanyima watu raha. Lotus Elan nayo ilikuwa na rota ya namna hii, ya Lucas, yenye kikomo cha karibu 6,500, kwa sababu hiyohiyo.

Na gundi yenyewe, jamani. Ndani ya kofia kuna joto, na rota inazunguka zaidi ya mara hamsini kwa sekunde. Gundi ikiachia siku moja, kile kipande kitaruka, na nimewahi kuokota kofia ya distributa iliyopasuka kutoka ndani. Aliyeibandika alikuwa mimi.

Jambo la pili ni la kumweleza mwenye gari. Msimwambie kwamba limita inamlinda na kila kitu. Inakata moto, basi. Akiwa gia ya tatu, mizunguko iko juu, akitaka gia ya nne kwa haraka akaingiza ya pili na kuachia klachi, magurudumu ndiyo yatakayoizungusha injini, si cheche. Limita itakata, injini itaendelea kupaa. Wengi huwa wanaichanganya na spidi gavana waliyoizoea kwenye matatu tangu sheria za waziri Michuki za 2004. Gavana huangalia kasi ya gari barabarani, isizidi kilomita 80 kwa saa. Hii haijui kama gari linatembea au limesimama, inajua mizunguko tu.

Na wewe FundiBarani, nimekuona unapiga injini mpaka inakata ikiwa frii, tena zaidi ya mara moja. Injini hii inapozwa kwa hewa na oili, na oili yake iko kwenye tangi mbali na injini, huchelewa kupata moto. Usirudie zoezi hilo kabla oili haijapata joto, na likibidi, lifanye mara moja ukiwa tayari na vipimo vyako.

FundiBarani (Malindi)

Shikamoo Mzee. Nimepokea, na nakiri kwamba mara ya kwanza oili ilikuwa bado baridi.

Nimeitazama springi kwa kioo cha kukuzia kama alivyosema Bwana UmemeTudor. Pete mbili za katikati zimeliwa na kutu zikawa nyembamba kuliko wenzake, na zimeachana kama meno ya mtoto. Kwenye ukingo ambapo kipande hugusa njia ya shafti kuna kidoa cheusi kilichochimbika, alama ya cheche zilizokuwa zikipita hapo. Wenyewe nimewaonyesha rota na kuwaeleza habari ya gundi pamoja na onyo la Mzee, bila kuficha upande wowote, wakachagua kuagiza rota mpya yenye chapa ileile. Mama mwenye nyumba aliuliza kwa nini tusiweke yenye namba kubwa zaidi, liwe na mbio. Nilimjibu kwamba 911S ya mwaka huohuo iliruhusiwa kufika kama 7,300 kwa sababu injini yake ilijengwa kwa hilo. Hii ya T hutoa nguvu zake zote, farasi 130, kwenye mizunguko 5,600, na zaidi ya hapo ni kelele tu. Ndipo nikatambua mwenyewe kwamba limita iliyochoka ilikuwa ikikata kabla gari halijafika kwenye kilele chake. Tangu siku lilipotoka bandani hakuna aliyewahi kulionja lote.

UmemeTudor (Mombasa)

Vizuri sana. Itakapofika, kabla ya kufunga kofia, zungusha injini mpaka silinda ya kwanza iwe kwenye alama yake ya kupiga, uhakikishe ncha ya rota inaelekea kwenye mkato mdogo ulio kwenye ukingo wa distributa. Rota za Bosch hufanana kwenye tundu na hutofautiana kwenye ncha, na inayoingia sawasawa si lazima iwe ndiyo. Pima pia ukinzani kati ya katikati na ncha kwa ya zamani na kwa mpya, zilingane. Na ipime limita yake mezani, hata ikiwa imetoka kwenye boksi lililofungwa.

FundiBarani (Malindi)

Ndugu zangu, imepita kama majuma matano. Rota imefika. Chapa ni ileile, ncha inaangalia mkato, ukinzani unalingana, na springi yake inarudi kwa kishindo kidogo kinachosikika, *tik*, tofauti na ile ya zamani iliyokuwa ikirudi kama mtu aliyeamshwa usingizini.

Jana asubuhi tulikwenda nayo barabara ya Sala Gate, mahali palipo wazi pasipo na nyumba, baada ya kuitembeza nusu saa ili oili ipate joto. Sikuhitaji mbio kwa jaribio hili, kwa sababu kwenye gia ya kwanza gari hili hufika kikomo cha injini kabla ya kilomita 60 kwa saa. Mita ilikuwa kwenye silinda sita. Niliitazama mara tatu kabla ya kuondoka, na kijana wangu alicheka. Geji ya dashibodi ilipita 5,400, ikapita 5,600, sauti ikabadilika ikawa nyembamba na kali, na ilipokaribia 6,500 moto ukakatika, tak-tak. Mita ilisoma 6,420. Nikalegeza mguu.

Bwana Msafiri, rota ya zamani ninayo kwenye kopo juu ya rafu, ukipita Barani ingia uione. Mzee, mwenye gari ameomba kufundishwa kubadilisha gia kabla hajakabidhiwa funguo, na nimemwambia kwamba nitakuletea Watamu Jumamosi, inshallah, ikiwa utakuwa na nafasi.

MzeeWaGia (Nairobi, sasa Watamu)

Njooni asubuhi kabla ya jua kali. Na aje na viatu vyenye soli nyembamba, kanyagio za gari hilo zinasimama kutoka sakafuni na hazipendi buti.